Mashine ya Sebuleni kwa Mama Mkwe

Nyaramba,
16 Machi 1998

Kwa Shemeji Jeconia,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mama pia mzima. Jana karani wa kituo cha chai alimwambia majani yake ni magumu, naye akamjibu kwamba kama angechuma laini tupu, karani angekosa la kusema na akafukuzwa kazi. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Msalimie mdogo wangu Nyanchera, na umwambie Pam kwamba mama yake mkubwa amepata ile picha aliyomchora, ila mimi sina miguu minne.

Sasa neno lenyewe. Walimu wakuu wa shule kumi na moja za kanda yetu wamenipa kazi ya kuchapa mitihani ya majaribio ya darasa la nane: karatasi saba, zote ziwe mikononi mwao Ijumaa tarehe 17 Julai kabla jua halijatua na Sabato haijaingia. Mwaka jana kazi hii ilikuwa ya Onsongo wa Nyamira mjini. Watoto wetu wakaletewa karatasi ya Hisabati yenye swali la kumi na nne mara mbili na la kumi na tano halipo. Nilisimama mkutanoni nikayasema hayo Onsongo akiwa ameketi mbele yangu na soda mkononi. Kwa hiyo unaelewa nilipo. Nikichelewa siku moja tu, kazi inarudi kwa Onsongo, ofisi yangu ya uchapaji inafungwa, na mimi niliyeacha kufundisha Jiografia baada ya miaka ishirini na miwili nitachuma chai nyuma ya mama yangu hadi nizikwe.

Na kompyuta mliyoniuzia inatambaa. Nikiweka mchoro wa pembetatu, inauchora upya mstari kwa mstari kila ninaposogeza ukurasa, kama mtoto wa chekechea anayeogopa kiboko. Ina namba 133 ya mwendo. Sasa nimesoma gazeti moja la kompyuta, nimelisoma mara tatu pamoja na matangazo, na nimegundua ulaghai. Kiwanda kinatengeneza prosesa, yaani bongo za kompyuta, za aina moja, kinazipima, kisha kinazigonga mihuri: hii 133, hii 166, hii 200. Nyingine zina uwezo wa 166 lakini zimepigwa 133 kwa kuwa wanunuzi wa 133 ni wengi. Nimewahi kuona mambo hayo. Ndivyo mkaguzi wa shule alivyokuwa akigawa alama za walimu: kwanza anaamua wangapi wafeli, halafu anawatafuta. Mimi sikubali muhuri wa mtu ambaye hajanifundisha kazi. Gazeti linasema mtu anaweza kuipandisha mwenyewe.

Ningekuambia uje na bisibisi yako. Lakini mashine iko sebuleni kwa Mama, maana ndiyo nyumba pekee yenye mlango wa chuma, na wewe unajua kwa nini mguu wako hauwezi kuvuka kizingiti kile. Miaka minane na wazee wako bado wanaitafuta barabara ya Nyaramba. Chinsoni, ile heshima ya wakwe, ni chinsoni. Mkwe ambaye hajaleta watu wake hatazamani na mama mkwe wake, sembuse kukaa sebuleni kwake na kufungua vitu. Simu ya sokoni haina mlio tangu Krismasi. Basi nifundishe kwa barua.

Ni mimi shemeji yako,
Abigael

---

Kisii mjini,
30 Machi 1998

Kwa Shemeji Mwalimu Abigael,

Nimeipokea barua yako kwa heshima zote. Hapa tuko salama. Nyanchera alikuwa na mafua, yamekwisha. Pam ameng'oka jino la mbele na amekataa kulitupa juu ya paa kwa sababu anataka kukuonyesha. Tafadhali mpe Mama salamu zangu kwa njia inayofaa. Habari ya wazee wangu ninayo moyoni, nisamehe nisipoiandika.

Kuhusu mashine. Nilimwuliza mwajiri wangu hapa dukani, Bwana Arvind. Aliniangalia juu ya miwani akasema, "Jeconia, mashine ni ya mteja. Akipandisha spidi, spidi ni yake. Moshi pia ni yake." Kisha akarudi kwenye chai yake. Mimi nakushauri uiache. Lakini nimekaa na dada yako miaka minane na najua watu wa nyumba hiyo wakishaamua, kwa hiyo ni heri uharibikiwe kwa utaratibu kuliko kwa kubahatisha.

Kwanza kabisa, nakili kazi yako yote kwenye disketi, na disketi zikae chumba kingine. Pili, zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha shika chuma cha kasha kabla hujagusa chochote ndani, maana mwili wa mtu aliyevaa sweta hubeba umeme mdogo unaoweza kuua vipuri bila wewe kuuhisi.

Ndani utaona prosesa imekaa chini ya kipande cha bati chenye mapezi, na juu yake feni ndogo. Pembeni, kwenye bodi kubwa, kuna safu za sindano fupi, na baadhi zimevalishwa vikofia vyeusi vya plastiki. Sisi mafundi kikofia hicho tunakiita jampa. Ukihamisha jampa kutoka sindano hizi kwenda zile, mwendo wa prosesa unabadilika. Jedwali la namba limebandikwa ndani ya kifuniko. Kabla hujahamisha, chora kwenye karatasi kila jampa ilipo sasa. Usiseme utakumbuka.

Panda hatua moja moja: 133 hadi 150. Fanya kazi siku tatu. Mashine isipoganda wala kujizima, nenda 166. Hapo simama. Usiguse 200 hata ikikuita kwa jina. Sindano zilizoandikwa volti usizitazame hata kidogo. Wanaoongeza volti ndio wanaotuletea mashine ndani ya karai.

Adui ni joto. Baada ya saa moja ya kazi, pima bati lile. Joto likizidi nyuzi hamsini, rudi namba ya chini, usione aibu. Na hakikisha hewa inaingia na kutoka.

Mkwe wenu,
Jeconia Ombok

---

Nyaramba,
20 Aprili 1998

Kwa Shemeji Jeconia,

Barua yako ilichukua siku kumi na mbili. Ukiweka mbuzi mzee barabarani kutoka Kisii, na umruhusu kula majani njiani Nyakoe kote, angefika siku tisa mapema. Sisi tu wazima. Dume nimemwita Mkaguzi, kwa sababu anatembea akitazama tu kazi za wengine. Mwambie Pam alihifadhi hilo jino kwenye kibiriti.

Nimefanya kama ulivyosema. Nilinakili kazi kwenye disketi, nikachomoa waya, nikavua sweta kabisa. Mama alisimama mlangoni akiuliza kwa nini ninachinja kitu cha thamani. Nikachora jampa zote, na huo mchoro ni bora kuliko ramani yoyote iliyowahi kuletwa na wanafunzi wangu. Kisha nikahamisha ya kwanza kwa kibano cha nyusi.

Sasa sikiliza. Nilipoacha shule niliondoka na kipimajoto cha kituo chetu cha hali ya hewa, kile cha kwenye sanduku jeupe uwanjani. Usiniulize kwa ruhusa ya nani. Nilikifunga kwenye bati lenye mapezi kwa plasta ya kidonda. Saa moja ya kazi: nyuzi arobaini na moja. Sebule yenyewe asubuhi ni nyuzi kumi na nne. Unaona? Baridi hii ya Nyaramba, inayotunyima ndizi nzuri na kutupa mafua mwaka mzima, leo imekuwa mtaji. Hao wa mjini wananunua feni, mimi nimezaliwa ndani ya feni.

Imefika 166 na inakimbia. Pembetatu inajichora kabla sijameza mate. Nakubali kwamba namba ile ya juu kabisa haifai, nimesikia hivyo.

Mama, ambaye mwanzoni alikuwa akilipita sanduku hili bila kulitazama, ameona ninavyolihangaikia na ameamua ni kitu cha heshima. Analifumia kitu. Sijui ni nini.

Abigael

---

Kisii mjini,
4 Mei 1998

Kwa Shemeji Mwalimu,

Nashukuru kusikia Mama yu mzima na mashine pia. Huku mvua imeingia hadi dukani, na Bwana Arvind ametuvika mifuko ya plastiki miguuni. Nyanchera anakuja kwenu mwishoni mwa mwezi na Pam.

Nina swali dogo, na ulijibu ukipenda. Umeandika kwamba 200 haifai, "nimesikia hivyo." Umesikia kwa nani? Hapo Nyaramba mwenye kompyuta ni wewe peke yako.

Na siku tatu za kukaa kwenye 150, zilikuwa siku tatu?

Mkwe wenu,
Jeconia

---

Nyaramba,
25 Mei 1998

Kwa Shemeji Jeconia,

Salamu. Goti linauma. Mama mzima. Mkaguzi amekula kamba yake.

Sitaanza na maswali yako kwa sababu yana harufu ya ofisi ya mkuu wa nidhamu. Naanza na hili: mashine inaganda. Naandika swali la thelathini la Sayansi, nafika "mmea wenye mizizi," na kishale kinasimama. Nikibonyeza, kimya. Nazima, nawasha, nusu saa, tena. Ilianza wiki mbili zilizopita. Kipimajoto kinasema nyuzi sitini na tatu. Sebule ni ile ile, baridi ni ile ile. Hata nikiwa kwenye 166 ambayo ilikuwa ikinitii kama mwanafunzi bora, inaganda.

Kwa hiyo mliniuzia feni mbovu. Mwambie Bwana Arvind kwamba nimesoma sheria za biashara kuliko anavyodhani, na kwamba wenye maduka wote duniani, wawe wa rangi gani, wanashiriki dini moja, nayo ni kumwambia mteja amekosea yeye. Nina karatasi nne zilizokwisha na tatu bado, na majuma saba. Onsongo alipita hapa akiendesha baiskeli polepole sana, akaniuliza kama nimelala vizuri.

Fikiri, Jeconia. Wewe ndiye fundi.

Abigael

---

Kisii mjini,
12 Juni 1998

Kwa Shemeji Mwalimu mpendwa,

Nakuandikia kwa unyenyekevu mkubwa kuliko kawaida. Nyanchera na Pam walirudi salama, na tunashukuru kwa ndizi na ule uji wa wimbi. Pam anasema jino lake lilitazamwa na watu kumi na wawili.

Bwana Arvind anasema feni ni nzima mpaka ioneshwe ni mbovu.

Nyanchera alinieleza jinsi sebule ilivyopendeza. Kila kitu, alisema, kimevalishwa. Redio, viti, meza, saa ya ukutani. Sina la kusema juu ya kitu chochote kilichomo katika nyumba hiyo. Si mahali pangu, wala kalamu yangu haiwezi kuandika neno juu ya kazi ya mikono ya mtu fulani wa nyumba hiyo, ambaye namheshimu kuliko ninavyoweza kueleza.

Nitasema tu juu ya mashine kwa jumla, mashine za nchi zingine, kwa mfano. Mashine hupumua. Nyuma ina matundu na ubavuni ina matundu. Ikitokea, katika nchi hizo, kwamba matundu yamezibwa na kitu, kwa mfano kitu kizuri sana, chenye maua manne pembeni na jogoo katikati, basi joto hukosa pa kutokea, na mwendo wa 166 ambao ulikuwa salama unakuwa si salama.

Labda uisogeze dirishani. Labda upepo utafanya ambacho mimi siwezi.

Mkwe wenu, kwa heshima na woga,
Jeconia

---

Nyaramba,
26 Juni 1998

Kwa Shemeji Jeconia,

Tu wazima. Salamu nimezifikisha.

Nchi gani hizo zenye majogoo? Sema unachotaka kusema. Kitambaa. Kitambaa cha Mama. Haya, nimekiandika, na paa halijaanguka.

Lakini tazama ninavyoandika kwa ujasiri kwako wewe, kisha uone nilivyo ndani ya nyumba. Amekifuma majuma matatu, kwa uzi mweupe alioagiza kutoka mjini, miwani ya marehemu Baba puani mwake kwa sababu yake imevunjika. Ana miaka sabini na mmoja. Alipokifunika juu ya lile sanduku, alirudi nyuma hatua mbili akasema, "Sasa limekuwa la watu." Na kila Ijumaa akiandaa nyumba kwa Sabato anakifua, anakipiga pasi, anakirudisha, na anakivuta vizuri hadi chini ili vumbi lisiingie. Mimi ambaye nimembishia mkaguzi, mchungaji na diwani, na wote wakaondoka wakiwa wameloa jasho, siwezi kumwambia mama yangu kwamba kitambaa chake kinaua.

Kwa hiyo nifanyeje? Akienda kuchuma chai nakivua. Nikisikia kikapu chake langoni nakirudisha. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nikikimbia sebuleni na goti hili. Lakini wiki hii mvua haikatiki na haendi chai. Anakaa kitini mbele ya mashine, anafuma kingine kidogo cha kufunika ubao wa vibonyezo, na ananitazama kwa upendo nikifanya kazi. Nyuzi sabini na moja.

Zimebaki karatasi mbili. Usinishauri nirudi 133. Niko nyuma ya ratiba yangu siku sita, na mtu aliyechelewa hapunguzi mwendo.

Abigael

---

Kwa Omwenga, kinuni, Nyaramba,
15 Julai 1998, saa kumi jioni

Kwa Shemeji Mwalimu,

Salamu nimeshazitoa hapa kwa yeyote aliyekuwepo, kwa hiyo naandika haraka kabla sijapata lori la kurudi. Barua hii naiacha na Omwenga mwenye kinu. Nasikia umeenda Nyamira. Sikuulizi umeenda kufanya nini wala kwa ofisi ya nani.

Ujumbe wako ulinifikia leo asubuhi kwa dereva wa chai, wote ukiwa neno moja: "Imekufa." Nilimwonyesha Bwana Arvind. Akatoa mwenyewe kabatini feni mpya na kichupa cha ule urojo mweupe wa kupitisha joto, akasema, "Nenda. Mtihani ya watoto ni mtihani ya watoto." Kisha akasema feni nisiandike popote, mke wake Dhanlaxmi asije akaiona.

Nilifika njia panda nikasimama. Nyumbani kwenu naona paa, siwezi kwenda. Omwenga akaelewa bila kuambiwa, akazima kinu, wateja wakanung'unika, akafagia ghala la nyuma ili unga usiingie ndani ya mashine, akatuma wanawake wawili. Waliileta kichwani, imefungwa blanketi, na kitambaa cha jogoo juu ya blanketi. Nyuma yao akaja Mama.

Nilitaka kuingia ndani ya gunia. Yeye akageuza kiti chake, akaketi kwenye mlango wa ghala akinipa mgongo, akamtazama Omwenga, na mazungumzo yakaanza kupitia kwake. Mama alisema Kigusii, Omwenga akanitafsiria Kiswahili. Nadhani mmesahau kwamba Kigusii nakisikia, kwa hiyo nilisikia kila kitu mara mbili, na Omwenga alikuwa na adabu kuliko alichoambiwa.

"Mwulize huyo mtu kama anajua kazi yake au alikuja kula."

Omwenga akasema, "Mama anakukaribisha, anauliza habari ya kazi."

Nikasema mashine ina homa. Mama akauliza homa ya nini. Nilikuwa nimeshika kitambaa mkononi, Shemeji, na sikujua pa kukiweka. Nikasema labda ni hali ya hewa.

"Hali ya hewa," Mama akasema. "Hapa, ambapo mimi nalala na soksi mbili. Mwambie nimelea watoto saba. Mtoto mwenye homa hafunikwi. Mtoto mwenye homa anavuliwa. Hilo lote lilikuwa gumu kuniambia tangu mwezi wa tano? Wawili wenye shule namna hii, mmoja anakimbia sebuleni kama panya akidhani sisikii, mwingine anaandika barua za majogoo wa ng'ambo. Barua nilisomewa na Pam alipokuja tena wiki jana."

Omwenga akafikiri kidogo. Akaniambia, "Mama anasema pole kwa safari."

Kisha nikafungua kasha. Shemeji, jampa ilikuwa kwenye 200.

Kitambaa kilikuwa na kosa lake, lakini 200 ni yako. Prosesa haijafa. Ilikuwa inajizuia tu, kama mtu aliyekataa kubeba. Nimeisafisha, nimeipaka ule urojo, nimeweka feni mpya. Mama akauliza ni nani aliyekosea, maana hajaelewa kama homa ni ya kitambaa peke yake. Nikamwambia Omwenga amwambie kosa ni langu, nilikuandikia namba vibaya.

Mama akasema, na Omwenga hapa hakubadilisha neno: "Jumapili nilimwona Abigael na bisibisi na ulimi nje, kama alipokuwa mtoto akiiba sukari. Huyu mtu anamfichia. Sawa. Anayeificha aibu ya nyumba tayari yumo ndani ya nyumba."

Nimeirudisha 133. Iache hapo hadi mitihani itoke. Mwendo wa kujaribu ni wa siku ambazo huna haraka. Disketi zako zote nimezikagua, zinafunguka. Umebakiza karatasi moja tu na nusu. Na kitu kimoja ambacho ningekuuliza tangu Machi kama ningekuwa na akili: kinachokuchelewesha ni kuandika au ni kuchapisha? Kwa maana ile printa yako ya kugonga nukta haina habari na prosesa. Hata ukiipa 500 itagonga vile vile.

Lori limepiga honi.

Jeconia

---

Nyaramba,
3 Agosti 1998

Kwa Shemeji Jeconia,

Salamu kwako, kwa Nyanchera, na kwa Pam msoma barua, ambaye tutazungumza naye. Tuko wazima wote. Mvua imepungua na Mama amerudi chai.

Nilifika jioni ile nikakuta barua na mashine. Nyamira nilikwenda kununua stensili, zile karatasi za nta za kudurufia. Stensili zinauzwa hata hapa sokoni, najua, usinikumbushe. Nilifika mlangoni kwa Onsongo nikiwa nimeshaitayarisha sentensi ya kuomba mashine yake siku mbili. Ilikuwa sentensi nzuri. Akatoka, akaniambia, "Mwalimu, karibu, naona leo umekuja bila maoni." Nikageuka nikarudi. Kuna watu ambao hata Mungu akiwasamehe, mimi nitaomba kuona karatasi.

Alhamisi nilimaliza kuandika saa nne asubuhi, kwenye 133 yako ya kizee, bila kuganda hata mara moja. Kisha nikaanza kuchapisha stensili na nikaweka saa mezani. Dakika sita kila ukurasa. Nikaangalia daftari langu la Mei, nilipokuwa na 166: dakika sita. Kwa miezi minne, Jeconia, nilikuwa nikimchapa viboko ng'ombe, na jembe ndilo lilikuwa butu. Ungeniuliza swali lako la printa mwezi wa tatu nisingekuwa na jambo la kukuandikia, na hilo sijui kama ni lawama.

Mama alizungusha mashine ya kudurufu kwa mkono wake. Omwenga alikuja kukunja. Ijumaa saa kumi na moja na dakika arobaini, jua likiwa juu ya majani ya chai kama linasubiri, mwalimu mkuu wa mwisho aliweka sahihi. Swali la kumi na nne lipo mara moja. La kumi na tano lipo. Nimelitazama mara nyingi kuliko linavyostahili.

Wiki jana walimu wakuu walikutana. Kazi ya mwaka kesho ni yangu, pamoja na kanda ya jirani. Wakaniuliza siri yangu ni nini. Nikawahutubia dakika kumi na tano juu ya mihuri ya viwanda na uhuru wa mnunuzi, na sikukutaja. Nilikuwa nimeanza, na wewe unanijua nikianza.

Nimepanda 150 sasa, kwa mpangilio, siku tatu kamili, kipimajoto nyuzi thelathini na tisa. Hakuna aliyenilazimisha.

Mama anasema wazee wako waje Jumapili ya pili ya Septemba, na wasije na hotuba ndefu kwa kuwa nyumba hii ina yake. Amesema pia kwamba siku hiyo utakaa kiti cha karibu na mashine, ili ikianza kuumwa tusiendeshwe tena hadi kinuni.

Utaona kwamba katika barua hii sijaandika asante. Nimeitafutia mahali pa kuiweka na kila mahali inakaa kama mgeni. Nitaisema mwezi wa tisa, wewe ukiwa umeketi ndani na mlango wa chuma ukiwa wazi, majirani wakiwa barabarani, na nitaisema kwa sauti.

Shemeji yako,
Abigael